Mkaidi wa Kwa Wifi

Alipofika kwa wifi yake Jumamosi ile na kukuta kichaka kimenyolewa tena duara kama mpira, Mama Kitalu alisimama hapo hapo. Aliweka mkoba chini, akakizunguka mara moja, akainama kutazama chini yake kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Majani yaliyokatwa yalikuwa yamekwisha kufagiwa yote. Kwa wifi yake, taka hazikai chini muda wa kutosha kuitwa taka.

"Kimependeza, sivyo?" Wifi aliuliza kutoka barazani, ambako alikuwa anapangusa viti visivyo na vumbi.

"Kimependeza. Kama kichwa cha mfungwa."

"Wewe na mdomo wako."

"Wifi, nilikuomba nini mwezi wa pili?"

"Uliomba mambo mengi. Uliomba ngazi, ukapewa. Uliomba nikuangalizie kuku, nikaangalia."

"Niliomba usikate."

"Sikukata. Nimepunguza."

"Huko ni kupunguza? Hapo umekiviringisha."

Watu wa mtaa walimwita Mama Kitalu kwa sababu ya kitalu chake cha miche, kilichoanzia nyuma ya nyumba, kikazunguka ubavuni, na sasa kilikuwa kinainyemelea baraza. Alikuwa na stashahada ya kilimo cha bustani, watoto watatu ambao hawakumsikiliza, na wateja waliomsikiliza kidogo zaidi. Aliuza miche ya miti isiyotaka maji mengi, maana mvua zilikuwa zimeacha kuaminika, kama fundi aliyekwisha kulipwa. Biashara ilikwenda. Lakini mti mmoja hakuuza, kwa sababu hakuwa nao wa kuuza.

Baba yake, aliyekuwa mlinzi wa msitu, aliuita mkaidi. Kwenye vitabu una jina la kigeni refu kama treni ya mizigo. Ni kichaka cha kimo cha mtu, chenye majani madogo, magumu, ya kijani kilichofifia kama yaliyopakwa unga, na hayapukutiki kiangazi wala masika. Huota kwenye mawe. Hukaa miezi minane bila tone la maji na hauinamishi hata tawi. Halafu, wakati kila kitu kingine kimekauka na watu wamenuna, unachanua maua ya rangi ya chungwa lililoiva, mengi mpaka tawi halionekani. Unachanua siku tisa au kumi, kisha unanyamaza mpaka mwakani. Baba yake aliujua kwenye kilima kimoja tu, na kilima hicho siku hizi ni kokoto. Kilima kizima kimo ndani ya kuta za nyumba za watu.

Siku alipoolewa, baba alileta miche miwili ndani ya makopo ya rangi, akasema, "Ipandwe pamoja." Hakueleza zaidi. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, kwa ufupi, halafu anakukasirikia usipoelewa. Mama mkwe akaona haipendezi bibi harusi kubaki na yote miwili, akachukua mche mmoja akaupanda mbele ya nyumba yake, mitaa mitatu kutoka hapo. Kila mtu akasema ni haki: nyumba mbili, miche miwili. Baba akaitazama haki hiyo, akapandisha mabega, akaenda zake.

Miaka kumi na minane ikapita. Baba hayupo, mama mkwe hayupo, nyumba ile imekuwa ya Wifi, na Mama Kitalu bado anaihangaikia haki ile.

Mkaidi wake ulichanua kila mwaka, na kila mwaka maua yote yalidondoka bila kuacha mbegu. Alijaribu vipandikizi. Alivihesabu, kwa sababu ni mtu wa kuhesabu: mia mbili na kumi na kimoja. Vyote vilioza, kwa zamu, kama vimepangiana. Ndipo siku moja akachukua kioo cha kukuzia akalitazama ua kwa makini, na akaona jambo ambalo angeliona tangu mwaka wa kwanza kama angetazama: kila ua lilikuwa na kifuko cha mbegu, lakini hakuna ua lililokuwa na hata chembe ya chavua, ule unga wa manjano unaotoka kwenye ua dume. Mti ulikuwa jike. Kama mpapai. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba mipapai ina madume na majike, naye, mwenye stashahada yenye muhuri, ilimchukua miaka kumi na mmoja. Hakujisamehe, na kila alipokuwa hajisamehi aliwawia mkali watu wengine.

Dume, kama lipo, lilikuwa kwa wifi yake. Lakini mkaidi hutoa maua kwenye tawi lililomaliza mwaka mzima bila kuguswa, na mkaidi wa kwa Wifi ulikuwa haujawahi kumaliza miezi miwili. Mama mkwe aliukata kwa kisu cha jikoni. Wifi, ambaye ni mtu wa maendeleo, aliajiri mtu mwenye mkasi mrefu wa bustani, anayezunguka mtaa akinyoa michongoma, na mtaa mzima ukamwita Kinyozi.

"Nataka mwaka mmoja," Mama Kitalu alisema sasa, akiketi bila kukaribishwa. "Usiuguse mwaka mmoja tu."

"Mwaka? Watu watasema nyumba imehamwa."

"Waseme. Wangu unakufa, wifi. Viwavi wametoboa shina, ukiligonga linalia kama debe. Upande mmoja umekauka kabisa. Mwakani utachanua, labda, na baada ya hapo basi. Wako ukiwa dume, nitapata mbegu."

"Ukiwa dume. Kwani hujui?"

"Nitajuaje? Hujawahi kuuacha ukatoa ua."

Wifi aliweka kitambaa chini. "Kwa hiyo unataka nikae mwaka mzima na kichaka kama nywele za mgonjwa, na hujui hata kama ni dume au jike."

"Ndiyo."

"Na ukiwa jike?"

"Tutakuwa na majike mawili yasiyosikilizana, kama mimi na wewe. Na mti utakuwa umekwisha duniani, kadiri ninavyojua."

Wifi alicheka bila kutaka. Alikuwa mwanamke mkubwa, msafi kupita kiasi, ambaye aliweza kukaa na jambo moyoni miaka lakini hakuweza kukaa na kijiti mbele ya mlango. Alikiangalia kichaka. Ilionekana wazi kwamba kilimpa raha, duara lile. Katika mtaa wenye mitaro iliyoziba na mageti yaliyopinda, kile kilikuwa kitu kimoja kilichokaa kama alivyokiambia kikae.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini sitabeba aibu isiyo yangu. Utaandika kibao."

"Kibao cha nini?"

"Cha kuwaeleza wapita njia."

Mama Kitalu alidhani ni utani. Haukuwa utani. Juma lililofuata, mchora vibao alileta ubao mweupe wenye herufi nyeusi, maneno akiwa ameyatunga Wifi mwenyewe, nao ukasimikwa kando ya geti: KICHAKA HIKI HAKIKATWI KWA OMBI LA WIFI. MWENYE NYUMBA NI MTU SAFI.

"Umeandika wifi gani," mume wa Mama Kitalu aliuliza alipouona, "au mtaa mzima wana wifi mmoja?"

"Muulize dada yako."

"Mimi simo," mume alisema. Ndilo lilikuwa neno lake. Huyu dada, huyu mke, yeye ni kama mlingoti wa goli: mpira unampita pande zote, naye kazi yake ni kusimama.

Mwaka ule ulikuwa mrefu, na Wifi alihakikisha kwamba urefu wake unasikika. Alipiga simu kila juma, mara nyingi asubuhi, wakati Mama Kitalu ana udongo mpaka viwikoni.

"Kuna mjusi kwenye kichaka chako."

"Mwache."

"Anachungulia ndani."

"Vuta pazia, wifi."

Au: "Kuna mtu amegonga geti kuuliza kama naumwa."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia asome kibao. Akasema amekisoma, ndiyo maana ameuliza."

Au, mwezi wa saba, sauti ikiwa imeshuka: "Mzee wa nyumba ya pili amejitolea kunikatia bure. Bure, unasikia? Ananionea huruma. Sijawahi kuonewa huruma na yule mzee, tangu nizaliwe mimi ndiye ninayemwonea huruma."

"Mwambie asante."

"Siwezi kumwambia asante. Atafikiri nimekubali."

Mama Kitalu alivumilia. Nyumbani kwake alikuwa anapigana vita vingine. Alichokonoa viwavi kwa waya wa baiskeli, akaziba matundu kwa pamba iliyochovywa mafuta ya taa, akafunga shina kwa kamba ya katani lisipasuke. Watu wa nyumbani, kwa nia njema, walimzidishia kazi. Mume aliumwagia maji kwa huruma, mara mbili, akafukuzwa. Binti yake mkubwa aliupa mbolea aliyosoma kwenye simu kwamba inafufua mimea, na ilibidi mama yake apige magoti kuukwangua udongo wote wa juu kwa kijiko kabla haujafika kwenye mizizi. "Huu mti haukosi kitu," alisema, kila neno peke yake. "Ulizaliwa kwenye jiwe. Kila mtu katika nyumba hii anayetaka kuusaidia na akakae mbali nao." Kufikia mwezi wa kumi, tawi moja tu lilikuwa na uhai, lile la upande wa ukuta. Lakini lilikuwa na uhai kwelikweli, na matumba yake yalikuwa yameanza kujaa.

Siku hiyo hiyo Wifi alipiga simu, na safari hii hakuanza na lawama.

"Kina vipele," alisema.

"Vipele gani?"

"Vidogo. Kama vichwa vya viberiti. Kwenye ncha zote. Nimehesabu tawi moja, viko ishirini na tatu. Nimehesabu tu, sikuwa na kazi."

Mama Kitalu alikwenda alivyokuwa. Yalikuwa matumba, mamia, kwenye kila tawi, na kichaka chenyewe kilikuwa kimetanuka mpaka kimeziba nusu ya dirisha, kizuri kwa namna ya mnyama aliyeachiwa. Alipasua tumba moja kwa wembe, akapasua la pili. Ndani mlikuwa na uji wa kijani usiosema lolote.

"Dume?" Wifi aliuliza juu ya bega lake.

"Bado halisemi. Labda siku nane, tisa. Mpaka lifunguke lenyewe."

"Dume," Wifi alisema. "Linavyokaidi hivi."

Sasa, Jumapili iliyofuata Wifi alikuwa na wageni. Binti yake alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa mchumba walikuwa wanakuja kuonana kwa mara ya kwanza. Mama wa yule kijana alikuwa mkuu wa shule, na ilisemekana amenyooka kama rula. Mama Kitalu alijua yote hayo. Yeye ndiye aliyeazimisha vikombe. Na kwa kuwa alimjua wifi yake, alisema jambo lake Jumatano, akalirudia Alhamisi, na Ijumaa akalituma kwa maandishi.

"Nimesikia," Wifi alijibu. "Mimi si kiziwi."

Jumamosi saa nne asubuhi, ua la kwanza lilifunguka kwenye tawi la upande wa ukuta. Kufikia saa sita yalikuwa kumi na moja. Mama Kitalu alipiga simu kwa wifi yake, haikupokewa. Akapiga tena. Mtu anayesafisha nyumba hasikii simu, alijiambia. Halafu akakumbuka kwamba mtu anayesafisha nyumba husafisha kila kitu, akatupa glavu chini, akaondoka.

Kilikuwa duara. Hakuhitaji hata kufungua geti, alikiona kwa mbali, kimenyolewa, kinang'aa, na nyuma yake dirisha lote limefunuliwa kama jicho lililopanguswa.

Wifi alikuwa sebuleni anapanga viti. Hakugeuka.

"Nilikata kidogo tu, pembeni," alisema, akikiambia kiti. "Halafu pembeni ikapishana na upande wa pili. Ukishaanza upande mmoja..." Akasogeza kiti. "Mwaka mzima nimevumilia, wifi. Siku mia tatu na kitu. Nimeamka saa kumi na moja, nikafungua dirisha, nikakiona, nikamwona yule mama kesho anashuka kwenye gari anakiona. Mtoto wangu ni mmoja tu. Nikashindwa siku moja."

Mama Kitalu alikuwa na maneno. Yalikuwa yamepanga foleni kooni mwake tangu mwaka wa harusi, mengine yakiwa yamevaa vizuri kabisa. Lakini hasira ingekuwepo hata kesho, matumba yasingekuwepo.

"Matawi yako wapi?"

"Matawi?"

"Yaliyokatwa. Yako wapi?"

"Kinyozi amebeba. Magunia mawili. Ana mbuzi."

Kinyozi alikaa nyuma ya kiwanda cha matofali, katika nyumba yenye ua uliozungushiwa mabati. Alikuwa amekaa kwenye kigogo, mkasi wake ukiwa umeegemezwa kando kama mgeni wa heshima, anawatazama mbuzi wake watatu kwa kuchukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewapa yale majani?"

"Ndilo linalonisumbua," Kinyozi alisema. "Nimewamwagia gunia moja lote. Wamekuja, wamenusa, wakanitazama mimi. Hawa mbuzi, mama, walikula shati la shemeji yangu likiwa mwilini. Leo wanachagua."

"Hawakula hata kidogo?"

"Wamelala juu yake."

Mama Kitalu hakungoja kukaribishwa. Aliwasukuma mbuzi kwa goti, akapiga magoti pale walipokuwa wamelala, akaanza kuchambua. Tawi lililopondwa, kando. Lililovuliwa matumba, kando. Zima, kwenye mkoba. Kinyozi alisimama juu yake, akijikuna shingo.

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Kama si dawa na mbuzi hawali, mtu anaupandia nini?"

"Ili watu waniulize maswali," alisema. "Lete gunia la pili."

Alipata matawi thelathini na manne yenye matumba mazima. Mti mwingine wowote ungekuwa umenyauka tangu saa tatu, jua kali namna ile. Mkaidi haukuwa umenyauka. Haukuwa hata na dalili ya kujua kwamba umekatwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama Kitalu alihisi kitu kinachokaribia upendo, ingawa kilikuwa kimechanganyika na hamu ya kumpiga mtu kwa gunia.

Nyumbani, aliyakata matawi upya ncha zikiwa ndani ya maji, akayasimamisha kwenye ndoo mbili, kila ndoo na vijiko viwili vya sukari, akaziweka bafuni. Bafu ndilo lililokuwa na dirisha linalopata jua la asubuhi na mlango ambao kuku hawakuwa wamejifunza kuufungua.

Mume alisimama mlangoni na taulo begani. "Nitaoga wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya bafu. Jamani, miaka kumi na tisa nimekaa na huo mwili, kama una kitu cha kuficha ningekuwa nimeshakiona."

Mume alitaka kusema kwamba yeye hayumo, lakini akaona kwamba safari hii yumo. Akaondoka na taulo lake.

Jumapili Mama Kitalu hakwenda kusaidia kupokea wageni. Alijua hilo litaandikwa moyoni mwa wifi yake kwa wino usiofutika, na hakwenda. Alikaa kwenye kigoda bafuni. Hakuna kilichofunguka. Nje, kwenye tawi la upande wa ukuta, maua yaliendelea kufunguka na kufunga safari: yalikuwa arobaini Jumapili asubuhi, na jioni sita yalikuwa chini. Jumatatu matumba tisa bafuni yalidondoka ndani ya ndoo, mazima, yamefumba. Nje yalibaki maua ishirini na mawili. Usiku ule hakusema na mtu, na watu walishukuru.

Jumanne, kabla ya chai, aliingia bafuni na kukuta tumba moja limefunguka. La pili lilikuwa linafunguka. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akaweka ncha ya kidole ndani ya ua, taratibu, kama anayemgusa mtoto mchanga kuona kama analala. Akakitoa. Kilikuwa na unga wa manjano.

Alikitazama kidole chake muda mrefu. Alifikiri atalia, lakini alichosema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni: "Mwaka wa kumi na tisa. Mitaa mitatu."

Halafu akafanya kazi. Alichukua brashi ndogo ya wanja ya binti yake, akaisafisha, akachukua chavua kutoka maua matano yaliyokubali kufunguka, akaibeba nje kwenye kisosi, mkono mwingine ukiwa umekinga upepo. Kwenye tawi yalikuwa yamebaki maua tisa yenye afya. Aliyagusa moja moja, akaanza tena la kwanza, mpaka la mwisho. Kisha akalivisha tawi soksi ndefu ya nailoni, ncha zote mbili akazifunga, kuzuia ndege, kuzuia watoto, kuzuia huruma ya mume wake.

"Mama, soksi zangu ziko wapi?" binti aliuliza jioni.

"Moja imeolewa."

Maua sita yalidondoka ndani ya soksi katika juma la kwanza. Matatu yalibaki, na chini ya matatu hayo vifuko vikaanza kuvimba. Majani ya chini ya tawi yalikuwa yanageuka njano, jambo ambalo mkaidi haufanyi mpaka umeamua. Kila asubuhi Mama Kitalu alikwenda kutazama ni kipi kitatangulia, kifo au mbegu, na kila asubuhi ilikuwa bado. Mbegu zilihitaji majuma tisa. Wifi hakupiga simu hata mara moja katika majuma hayo, naye hakumpigia. Aliona ajabu kwamba alikosa habari za mjusi.

Asubuhi ya juma la tisa, tawi lilikuwa limekauka. Alijua kwa kuligusa tu. Lakini soksi ilikuwa na uzito. Vifuko vilikuwa vimepasuka vyenyewe usiku, kama inavyotakiwa, vikarusha kilichomo. Aliifungua soksi juu ya trei, akiwa ameshikilia pumzi, akahesabu. Kifuko kimoja kilikuwa kitupu. Viwili vilikuwa vimetoa mbegu nane, nyeusi, ngumu, ndogo kuliko punje ya mtama.

"Ndizo hizo tu?"

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba mkononi. Haikujulikana ameingia saa ngapi.

"Ndizo hizo tu," alisema Mama Kitalu.

Wifi alitafuta pa kukaa, akapindua ndoo, akaipangusa, akakaa.

"Wamekubaliana," Wifi alisema. "Harusi ni baada ya mavuno."

"Hongera. Yule mama alikisemaje kichaka?"

Wifi aliuweka mkoba wake sawa magotini. "Hakukiona."

"Hakukiona vipi?"

"Bomba lilipasuka mbele ya geti asubuhi ile, ikawa tope tupu. Wakaegesha nyuma, wakaingilia jikoni, wakatokea jikoni." Alikunja mikono. "Usiseme kitu."

Mama Kitalu hakusema kitu. Ilimchukua nguvu nyingi kuliko kazi yoyote aliyoifanya mwaka ule, ikiwa ni pamoja na mbuzi.

"Basi nipe moja," Wifi alisema.

"Moja nini?"

"Mbegu."

"Kwa lipi, wifi? Niambie tu, kwa lipi."

"Baba yao ni wa kwangu. Watoto ni wa upande wa baba."

"Baba ambaye umemkata kichwa kila mwezi."

"Hata hivyo ni baba." Wifi alisema hivyo kwa utulivu kamili, kama mtu anayesoma kwenye cheti. Kisha akainama kidogo. "Zikiota, zinachanua baada ya muda gani?"

"Miaka saba. Zikiota."

"Saba." Wifi alihesabu kwa vidole, akarudi nyuma kimoja. "Na huyu wako amekufa. Kwa hiyo dume langu halina jike la kuchanulia mpaka mwaka wa saba. Kwa hiyo miaka sita naweza kulikata."

Mama Kitalu aliisogeza trei mbali. Alipiga hesabu, akaipiga tena akianzia mwisho, akitafuta pale ilipokosewa. Haikuwa imekosewa popote, na hilo ndilo lililomchosha. Alikuwa ametumia mwaka mzima wa maisha yake kumzuia mwanamke huyu asikate kichaka, na sasa mwanamke huyu alikuwa na hoja.

"Mitano," alisema.

"Saba toa moja ni sita. Una stashahada."

"Nataka mwaka wa akiba. Kama mmoja ukiwahi."

"Mitano na nusu."

"Mitano, na mche nitakaokupa haunyolewi kamwe. Kamwe, wifi. Hata Kinyozi akija kwa magoti. Na utapewa mche uliokwisha kuota, sikupi mbegu, kwa sababu mbegu utaiosha."

Wifi alifikiri. Ilionekana kweli alikuwa amepanga kuiosha mbegu. "Na nani atahakikisha?"

"Mimi. Nitakuja kuukagua kila Jumamosi."

"Njoo," alisema Wifi, akainuka, akairudisha ndoo kama alivyoikuta, mdomo juu, kishikio upande wa kulia. "Ila kabla hujapanda barazani, futa viatu."